Kufuli la Pili

Moto wenyewe ulikuwa mdogo, na udogo wake ndio uliomponza Mwalimu Ketrina. Ungekuwa mkubwa watu wangeshtuka, wangelia, kisha wangeshika nyundo. Lakini uliunguza godoro moja, shuka na ubavu wa tranka la mtoto, ukazimwa kwa ndoo za maji na mchanga wa mafundi ujenzi, na kufikia jioni shule nzima ilikuwa imeshaufanya kichekesho.

Ilitokea hivi. Sekondari ya Wasichana Bi Zuhura iko Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, juu kidogo ya barabara kuu, pale ambapo malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni hadi mtu akadhani yameota. Asubuhi hiyo msichana mmoja wa kidato cha tatu, jina lake Rozi, alikuwa anapiga pasi sketi juu ya kitanda chake. Umeme ukakatika. Rozi akaitupa pasi godoroni, akavaa sketi yenye mikunjo, akakimbilia paredi. Pasi hakuichomoa. Nani huchomoa kitu ambacho hakina umeme?

Umeme ukarudi watoto wakiwa darasani. Bweni lilikuwa limefungwa kufuli kwa nje, kama kanuni ilivyotaka, ili asiwepo mvivu wa kurudi kulala. Ketrina, aliyekuwa mwalimu wa biolojia na mlezi wa bweni hilohilo, alikuwa anachora figo ubaoni alipouona moshi unajipenyeza kati ya nondo za madirisha. Aliitupa chaki akakimbia. Ufunguo wa bweni ulikuwa kwa Bashiri, mlinzi wa getini. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, kwa sababu eti watoto wangeuchezea. Ofisi ilikuwa imefungwa, na mkuu alikuwa mjini na ufunguo wake mfukoni.

Kwa hiyo, Bashiri alipofika akafungua mlango, waliuzima kwa ndoo na mchanga. Ketrina aliingia na kanga mbichi usoni, akaliburuta godoro hadi nje, akaungua kiganja.

"Tumshukuru Mungu, hakuwemo mtu," alisema Mwalimu Osea, mkuu wa shule, aliporudi na kukuta godoro bado linafuka uani. Osea alikuwa mtu mpole ambaye maishani mwake hakuwahi kumwambia mtu hapana, na ndiyo sababu ndiyo yake haikuwa na uzito wowote.

"Leo hakuwemo," alijibu Ketrina. "Usiku wamo themanini, Mkuu. Mlango mmoja, kufuli nje, nondo kila dirisha. Tungefanyaje?"

"Ni kweli, mwalimu. Ni kweli kabisa," alisema Osea, akaenda kunywa chai.

Kiganja kilipoanza kupona, Ketrina alifunga safari kwenda kwa mwenye shule. Mzee Abdulwahab alikuwa ameingia Tunduma kijana, akiwa utingo wa lori kutoka Kondoa, na sasa alikuwa na malori yake mwenyewe, yadi yake, na heshima ambayo mtu hujengewa na miaka ya kulipa watu kwa wakati. Shule aliijenga kwa jina la mama yake, kwa sababu dada zake wote walikua bila kujua kusoma, na jambo hilo lilimuuma hata uzeeni. Ketrina alimheshimu. Hilo ndilo lililomtia hasira zaidi. Mtu mbaya unamchukia na kwenda zako.

Alimkuta yadini, amesimama kati ya malori mawili, fimbo mkononi. Goti lake moja lilikuwa bovu tangu siku za utingo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu. Pole na mkono. Godoro jipya limeshapelekwa?"

"Limefika, ahsante. Sikuja kwa ajili ya godoro. Nimekuja kwa ajili ya madirisha." Akamweleza: kila upande wa bweni, nondo za baadhi ya madirisha zikatwe, ziwekewe bawaba, mtoto aweze kuzisukuma akiwa ndani. Mlango wa pili utobolewe upande wa nyuma. Mtungi utoke ofisini utundikwe ukutani, na watoto wafundishwe kuutumia.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu kama baba anayeombwa baiskeli na mtoto. "Mwalimu, unazijua nondo zile? Nilizichagua mwenyewe, moja moja. Ni za kujengea madaraja. Hata tembo hatoki mle."

"Ndicho ninachokwambia, Mzee. Hata mtoto hatoki."

Tabasamu likapungua. Ketrina akanyoosha kidole kwenye lori lililokuwa karibu, mlango wake ukiwa wazi. "Ile chupa nyekundu nyuma ya kiti cha dereva ni nini?"

"Mtungi wa kuzimia moto."

"Malori yako yote yanao?"

"Yote. Bila huo trafiki hawakuachii."

"Lori lina watu wangapi?"

"Dereva na utingo wake." Mzee aliuona mtego, lakini alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi, hakukubali kuingia kwa miguu yote miwili. "Lakini lori, mwalimu, haliruki dirishani usiku likaenda kwa wanaume."

Ketrina akausukuma mlango wa lori ukajifunga.

"Sikia," mzee akasema, sauti ikiwa ya upole. "Hapa ni Tunduma. Nje ya ukuta wa shule wanalala madereva wa nchi sijui ngapi, wiki nzima foleni haisogei, hawana la kufanya ila kutazama nani anapita. Mzazi ananiletea binti yake kwa sababu ya nondo zile. Hajui biolojia yako, hajui hesabu za Osea. Anajua nondo. Nikizikata, muhula ujao bweni litakaliwa na popo."

"Na likiungua, Mzee?"

"Mungu apishe mbali. Jambo hili nitalipeleka kwenye bodi ya shule."

Bodi ilikaa, ikala sambusa, ikanywa chai ya maziwa, ikafunga kwa dua. Osea akamwita Ketrina ofisini kumpa majibu.

"Bodi imelichukua jambo lako kwa uzito mkubwa," alianza. "Pasi zimepigwa marufuku bwenini."

"Vizuri. Na madirisha?"

"Mtungi nao umenunuliwa mpya." Akaonyesha kona ya ofisi. Mtungi ulikuwa ndani ya kabati la kioo, bado umevikwa nailoni yake ya dukani, na juu ya kabati mtu alikuwa ameweka ua la plastiki.

"Uko ofisini tena."

"Ni ghali, mwalimu."

"Na madirisha, Mkuu?"

Osea akapangusa miwani. "Unakumbuka siku ile ya moto mlango ulibaki wazi, na watoto wakalalamika kwamba blanketi na viatu vimepotea? Bodi imeona hilo ni pengo. Kwa hiyo tumeongeza kufuli la pili."

Ketrina alidhani hakusikia vizuri. Alimwomba arudie. Osea akarudia, tena kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu.

"Moto umewaka," Ketrina alisema polepole, "na ninyi mmeongeza kufuli?"

"Kwa ajili ya usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wa watoto."

"Wa blanketi, Mkuu! Wa blanketi na viatu!"

"Ni kweli, mwalimu," alisema Osea. "Ni kweli kabisa."

Alitoka ofisini ameuma meno hadi taya zikamuuma. Tangu siku hiyo kila usiku, baada ya prepo ya jioni, alisimama mlangoni akiwahesabu watoto wanavyoingia, kisha mlinzi akafunga kufuli la chini, akafunga na la juu, akaondoka na funguo. Naye Ketrina alikwenda kwenye kijumba chake upande wa pili wa uwanja, akalala nguo zikiwa mwilini.

Siku ya wazazi ikafika mwezi wa sita, wakati wa ule upepo wa Mpemba unaopuliza vumbi na baridi kwa pamoja. Ukumbi ulijaa. Wapo wafanyabiashara wa mjini waliofunga maduka, wapo wakulima wa Mbozi waliotoka na mahindi ya kuchemsha kwenye mifuko kwa ajili ya watoto wao. Osea alimpa Ketrina nafasi ya kusema kidogo tu, na kwa macho akamsihi asiseme.

Ketrina alisema. Aliwaeleza habari za pasi, za moshi, za mlango mmoja. Aliwaambia kwamba moshi humuua mtu kabla moto haujamfikia, na kwamba gari la zimamoto, hata likitoka mbio, lina foleni ya malori ya kuipita. Wazazi walimsikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja akasimama, mnene, mwenye kitenge kizuri na sauti ya sokoni. Alikuwa Tabu, mama yake Naila wa kidato cha pili. Alivusha vitenge kati ya Nakonde ya Zambia na Tunduma, na nusu ya maneno yake yalikuwa na ladha ya ng'ambo.

"Awe, mwalimu! Hapana," alisema Tabu. "Mimi ninaishi na hao madereva. Ninawauzia, ninawakopesha, ninawajua kwa majina. Kwa hiyo sikia ninachokwambia: hizo nondo ndizo zinanipa usingizi. Moto huja mara moja kwa miaka mingapi? Wanaume wapo kila usiku! Ukimfungulia mwanangu dirisha, wewe ndiye utakayemlea mjukuu?"

Ukumbi ukapasuka kwa makofi. Hata baadhi ya walimu walipiga, wakijifanya wanapangusa vumbi viganjani.

Ili kuwatuliza zaidi, Osea akawakaribisha wazazi wakalione bweni wenyewe. Wakatoka kwa msururu, Mzee Abdulwahab mbele na fimbo yake, wajumbe wa bodi nyuma yake, Tabu na wenzake wakifuata, mama mmoja wa Mbozi akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Wakaingia wote. Ketrina akaachwa mlangoni, na Bashiri kando yake akiwa na funguo.

Ndani alimsikia mzee akigonga nondo kwa fimbo. Ngo! Ngo! "Sikilizeni chuma kinavyolia!" alisema. "Kama kengele ya kanisa lenu!" Wazazi wakacheka. Mtu mmoja akasema, "Mwalimu yule anataka tukate mali hii?" Wakacheka tena.

Hakupanga. Baadaye walipomuuliza, wakamuuliza tena na tena, alijibu hivyo hivyo, wala hakuna aliyemwamini. Alijikuta tu ameuvuta mlango ukajifunga, ameshika kufuli la chini akalibana, ameshika la juu akalibana. Bashiri alimtazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi.

"Kaa hapahapa na funguo, kaka," Ketrina alimwambia. Akaenda kwenye dirisha la kwanza.

"Wazazi wangu, shikamooni," alisema kupitia nondo. "Mlango nimeufunga kama unavyofungwa kila usiku watoto wenu wanapolala. Sasa chukulieni kwamba kitanda kile cha kona kinawaka. Tokeni."

Mwanzoni walicheka. Mwanamume mmoja akajaribu mlango kwa utani, kisha akaujaribu bila utani. Osea akaja dirishani, uso umempauka. "Mwalimu Ketrina, mzaha huu..."

"Sio mzaha, Mkuu. Tokeni."

Tabu akashika nondo kwa mikono yote miwili, akavuta, akaachia. "Haya, umetuonyesha. Tumeona. Fungua sasa."

"Mtoto naye atamwambia nani afungue?"

"Fungua, mwanamke wewe!"

Na hapo, kwa kweli, Ketrina alikuwa tayari kufungua. Alichotaka kusema kilikuwa kimesemwa. Akageuka amwite Bashiri.

Bashiri hakuwepo.

Alipokuwa dirishani, lori la mahindi ya shule lilipiga honi geti la nyuma, na Bashiri, aliyefundishwa kwamba mwenye geti ndiye mwenye lawama, akaondoka na funguo kwenda kulifungulia. Ketrina akaita. Upepo ukalimeza jina. Wakati huohuo wapishi, waliokuwa wanapika pilau ya wageni nyuma ya bweni, waliongeza kuni mbichi, na upepo uleule ukaushika moshi mzito mweupe, ukauelekeza wote madirishani.

Sauti ya mwanamke ikapaa ndani: "Moto! Mungu wangu, moto kweli!"

"Hakuna moto!" Ketrina alipiga kelele. "Ni jikoni! Ni kuni!" Lakini nani angemsikia? Vitanda vilianza kugongana, tranka zikaanguka, mtoto mchanga akalia kilio kile kinachokata pumzi. Mikono ikatokeza kati ya nondo kila dirisha, mikono ya watu wazima, yenye pete na saa, ikishika hewa.

Ketrina alikimbia. Alikimbia getini, hakuna mtu. Akazunguka ukumbi, akavua viatu njiani, akafika geti la nyuma akamkuta Bashiri anamwelekeza dereva arudi kinyumenyume. Alimvuta koti bila salamu wala maelezo. Walirudi mbio wote wawili, yeye akilia na kutukana bila kujua anamtukana nani: Bashiri, bodi, upepo, nafsi yake.

Funguo zilikuwa nyingi katika kitita kimoja. Bashiri akaingiza ufunguo wa stoo, akaingiza wa jikoni.

"Wa kufuli la juu ni upi?"

"Huu... hapana, huo wa chini..."

La chini likafunguka. La juu likagoma, kisha nalo likafunguka. Ketrina akausukuma mlango kwa bega.

Haukusogea. Mlango ule ulifungukia ndani, na ndani watu wote walikuwa wamejibana juu yake, kila mmoja akimsukuma mwenzake kuelekea nje. Kadiri walivyotaka kutoka ndivyo walivyoufunga. Hilo Ketrina hakulifikiria kamwe, yeye aliyekuwa amehubiri habari za bweni lile mwezi mzima.

Ndipo akaisikia sauti ya Mzee Abdulwahab na mlio wa fimbo kwenye chuma cha kitanda, pigo baada ya pigo. "Rudini nyuma! Nyuma! Mnaufunga wenyewe! Mama mwenye mtoto, njoo kwangu! Wengine nyuma!" Aliwapigia kelele za yadini, kelele za mtu aliyezoea kuongoza malori, hadi wakasikia. Mlango ukapata nafasi. Wakamwagika nje, wakikohoa, kanga zimewavuka, viatu vimepotea. Mwanamke mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mkono. Mtoto mchanga alikuwa mzima, akilia kwa hasira.

Mzee alitoka wa mwisho, kichwa wazi, kofia yake imekanyagwa mahali.

Tabu alivuka uwanja moja kwa moja akamchapa Ketrina kofi la shavu. Hakuna aliyemzuia, na Ketrina mwenyewe hakuinua mkono. Alijiona mjinga, na alijiona ana haki, yote kwa wakati mmoja. Hakujua kama upo uchungu mbaya kuliko huo.

Mzee Abdulwahab alikaa kwenye ngazi ya bweni, akinyoosha goti. Aliutazama mlango kutoka juu hadi chini.

"Nani aliujenga huu ufungukie ndani?" aliuliza.

Walimu wakatazamana. Aliyeujenga alikuwa yeye. Fundi aliyesimamiwa alikuwa wake, na siku ya kuupachika alikuwepo.

"Mwalimu," alisema hatimaye, bila kumtazama Ketrina, "nenda kwenu. Usirudi mpaka uitwe."

Kwao ni kijijini Iyula. Alifika kahawa ikiwa imeiva, na mama yake, Bibi Aida, hakumuuliza neno hadi alipomkabidhi kikapu na kumsimamisha kwenye mstari wa mibuni.

"Watu wazima," alisema mama. "Watu wazima, na mwenye mtoto mgongoni, unawafungia kama kuku."

"Watoto wanafungiwa kila siku, mama."

"Mimi sijasema watoto. Nimesema watu wazima. Kazi ya serikali uliikosa, ukapata hii, sasa umeitupa kwa ajili ya madirisha."

Ketrina akachuma. Alichuma na mbivu na mbichi, hadi mama yake akamnyang'anya kikapu. Usiku alikisikia kilio cha yule mtoto mchanga, na mchana aliposhinda na kazi alimsikia mzee akigonga kitanda. Alitamani kumwomba msamaha yule mama wa Mbozi, hata jina lake hakulijua. Lakini kila alipoianza hiyo sala ya toba, katikati yake lilijitokeza lile kufuli la pili, na toba ikageuka kuwa ugomvi.

Simu ililia mchana mmoja akiwa shambani. Alikuwa Osea.

"Habari za huko, mwalimu? Kahawa inaendeleaje?"

"Nzuri, Mkuu."

"Na mama hajambo?"

"Hajambo."

"Baridi je?"

"Mkuu, kuna nini?"

Osea akakohoa. Nyuma yake ulisikika mlio mkali wa grenda ikikata chuma. "Yupo hapa fundi Ipyana, yule wa kuchomelea. Anauliza, hizi bawaba za dirisha... lifungukie ndani au nje?"

Ketrina alisimama wima kati ya mibuni. "Nje," alisema. "Nje, Mkuu. Yote yafungukie nje. Na mlango pia."

"Ndivyo nilivyodhani. Sasa kuna hili la kufuli."

"Kufuli gani?"

"La dirisha. Ile sehemu inayofunguka, bodi inaona tuiwekee kufuli. Kwa nje."

Ketrina alikaa chini, palepale, juu ya majani makavu. Mama yake, kwenye mstari wa pili, akauliza kama kuna msiba.

"Mkuu," alisema Ketrina, "mnakata nondo ili watoto wafungue, halafu mnafunga kufuli ili wasifungue?"

"Ni kweli, mwalimu, ni kweli, lakini wazazi..."

"Msiguse kitu! Mwambie Ipyana azime hiyo mashine. Nakuja."

"Lakini hujaitwa..."

Alikata simu. Alipanda pikipiki mpaka barabara kuu, na kahawa bado imemganda kwenye kucha.

Aliwakuta uani nyuma ya bweni: Ipyana na miwani yake ya kuchomelea, Osea, Mzee Abdulwahab kwenye kiti cha plastiki, na, ajabu, Tabu, amejifunga kitenge kiunoni kama msimamizi wa ujenzi. Ukutani palikuwa na tobo jipya kubwa la mlango wa nyuma, matofali bado yamerundikana chini.

"Umekuja bila kuitwa," alisema mzee.

"Nimekuja, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi kofi langu silirudishi," Tabu akadakia.

"Sijaliomba, dada."

"Vema." Tabu akaligeukia bweni. "Naila analala kitanda cha juu, ule upande wa mwisho. Sikujua. Miaka miwili nalipa ada sijui mwanangu analala wapi. Siku ile nimekwama mle, watu wote wako kati yangu na mlango, ndipo nikakiona kitanda chake. Kina jina lake." Akakaza kitenge kiunoni. "Lakini madereva bado wapo, mwalimu. Hawajahama. Kufuli lazima."

"Kufuli hapana."

"Basi nini? Niambie nini!"

Wakabishana. Walibishana hadi jua likageuka, hadi Ipyana akakaa juu ya tofali akala muhogo wake wote. Ketrina alitaka komeo la ndani tu. Tabu akasema komeo la ndani ndilo hasa ambalo binti mjanja hulisubiri. Mzee akasema mlezi alale ndani na funguo shingoni. Ketrina akauliza mlezi akizirai kwa moshi itakuwaje. Osea alimwunga mkono kila mmoja kwa zamu. Mwishowe Tabu, kwa kuchoka, akasema kwamba dukani kwake mlango wa nyuma hauna kufuli mchana, una kengele, akigusa mtu yeye anasikia hata akiwa anapima kitambaa.

Wakatazamana.

"Komeo kwa ndani," Ketrina alisema polepole, "na kengele kubwa. Dirisha likisukumwa, shule nzima inaamka. Kama ni moto, heri. Kama ni binti anatoroka..."

"Nitakuwa nimeamka na mimi huko mjini," alisema Tabu.

"Na mlezi alale ndani," alisema mzee. "Hilo siliachi. Kengele nitanunua mimi. Zile za lori linaporudi kinyumenyume ni kali." Akamgeukia Ketrina, na uso wake haukulegea. "Sijakusamehe, mwalimu. Ungeniulia watu. Utawaomba wazazi radhi mbele ya wanafunzi, na barua ya onyo utaipata."

"Nitawaomba radhi kwa kuwafungia," alisema Ketrina. "Kwa mengine, siwezi."

"Kwa mengine hakuna aliyekuambia."

Aliomba radhi. Alimtafuta na yule mama wa Mbozi, akaenda kijijini kwake na sabuni na sukari. Yule mama alipokea sukari, akasema yamekwisha, lakini mtoto hakumpa ampakate.

Makufuli yote mawili yaliondolewa bwenini, mitungi ikatundikwa ukutani baada ya mabishano mengine, na kitanda cha Ketrina kikaingizwa ndani, karibu na mlango wa nyuma. Mchana mmoja, wazazi wachache wakiwepo, akafanya zoezi la kwanza la kukimbia moto. Alipiga filimbi. Kengele zikalia, madirisha yakasukumwa, wasichana wakatoka kwa vifijo, wakicheka, wakishikana sketi. Mzee Abdulwahab aliwatazama kutoka kivulini, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ketrina alikuwa anaanza kupumua, ndipo binti mmoja wa kidato cha kwanza akapiga ukelele, akageuka, akarudi ndani kwa dirisha lilelile alilotokea. Wenzake wawili wakamfuata. Walitokea tena baadaye sana, wametulia, mmoja ameshika kandambili, mwingine kioo, wa tatu mfuko wa karanga.

Ketrina alifumba macho.

"Wamejitahidi, mwalimu," Osea alimnong'oneza. "Kwa mara ya kwanza... Na chakula kinapoa."

"Kipoe," alisema Ketrina. Akainua sauti hadi madereva barabarani wakageuka. "Rudini ndani! Wote! Lalini vitandani, tunaanza upya. Na mwenye karanga aniletee hizo karanga hapa!"